Debe Moja

Mimi ni karani wa mizani.
Kazi yangu kusubiri mshale utulie,
kuandika, kuchana risiti, kusema: anayefuata.
Juni nzima ghala la Nachingwea linanuka ufuta,
nami nanuka ufuta hadi kwenye foronya,
ila kuula, sijawahi kuula.
Mchana nakula chipsi za pale stendi, na soda.

Somoe Nannauka alileta magunia manne yaliyoshiba
na la tano limelegea shingo.
Nikamwambia, Bi Somoe, hili halijajaa.
Akasema, najua. Nililijaza, kisha nikalipunguza.
Debe moja liko uvunguni kwangu
na halitoki.

Nikampigia hesabu, maana ndiyo niliyosomea:
kilo kumi na mbili mara bei ya mnada wa juzi.
Akanisikiliza
kama mtu anavyosikiliza mvua kwenye bati la jirani.
Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya kliniki.

Picha ya sahani.
Nusu majani, robo hiki, robo kile,
na pembeni tufaa jekundu linang'aa.
"Nesi alinipa siku waliyonikuta na sukari.
Nikamuuliza, tunda hili linauzwa wapi?
Akacheka. Akasema hata yeye hajui,
picha zilikuja hivyo."

Akaigeuza. Upande wa pili
alikuwa ameichora upya kwa mkaa.
Penye majani: kisamvu, majani ya kunde.
Robo: mbaazi zilizolala majini usiku kucha.
Robo: ming'oko miwili, si mitatu,
anayoichimba mwenyewe kule bondeni,
na kila shina analichimbua anakiacha kichwa,
anakifukia, anakishindilia kwa kisigino.
("Ukila na kichwa, mwakani utachimba nini, shimo?")
Pa tufaa kachora nusu bibo.
Na juu ya vyote: nukta, nukta, nukta.
"Huo ndio ufuta. Usidhani ni uchafu."

Nyuma yetu foleni inaguna.
Mzee Mchopa kashaweka gunia lake mguuni mwangu, makusudi.

"Miaka kumi na mmoja nimeuza mpaka punje ya mwisho,
nikarudi na dumu la mafuta ya dukani,
lina picha ya jua.
Asubuhi za Julai yanaganda kama mshumaa.
Jua gani hilo linaganda?"

Sasa anakamua kidogo kidogo, kwa kinu na mchi.
Mashudu ya kuku.
Mabua anayachoma, majivu anayachuja,
anapata magadi ya kulainishia kisamvu kilekile.
Nikamuuliza, na fedha ya debe hilo?
Hapo akanyamaza.
Akaikunja karatasi mara nne, polepole.
"Debe hilo ni viatu vya shule vya mjukuu wangu Mwanaidi.
Najua. Naye anajua.
Ndiye anayetwanga."

Sikuwa na neno.
Daftari langu lina safu ya uzito, safu ya unyevu, safu ya takataka.
Nikaandika uzito kama ulivyo. Nikachana risiti.

Alipokuwa anaondoka aliniachia kifurushi juu ya meza:
ufuta uliokaangwa, ukatwangwa na chumvi kidogo,
umefungwa kwa risiti ya mwaka jana,
mwandiko wangu mwenyewe.
Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi,
na tarakimu zangu zikaonekana upande wa pili,
zimegeuka, zinasomeka kinyumenyume,
kama kilo zilizobadili mawazo njiani
zikarudi nyumbani.

Nililamba kidole.
Anayefuata, nikasema,
lakini sauti ilichelewa kutoka,
mdomo ulikuwa na kazi.